Darubini ndogo ya mtumba ni chombo cha mchana: jua, meli na nyangumi wa Mtwara

Kasa wa Shangani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Humu ndani huulizwa mara kwa mara kama inafaa kununua zile darubini ndogo za lenzi zinazoshushwa pamoja na vyombo vya nyumbani vya mtumba, na jibu la kawaida huwa kwamba ni vitu vya kuchezea watoto, heri mtu adunduize fedha anunue darubini kubwa ya vioo. Jibu hilo lina haki yake kwa anayetaka kutazama galaksi usiku. Hoja yangu ni nyingine: kwa sisi tunaoishi pwani ya kusini, darubini hiyo hiyo inayodharauliwa ni chombo cha mchana, na mchana humpa mwenyewe karibu kila kitu ambacho lenzi yake ina uwezo wa kukitoa.

Yangu ina lenzi yenye kipenyo cha milimita 60 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokusanyika) wa milimita 700. Niliikuta hapa Mtwara mjini kwa muuza vyombo, imelazwa kati ya pasi na feni, haina boksi, na mguu mmoja wa stendi umefungwa kwa waya. Tukavutana bei hadi tukakubaliana shilingi 70,000. Ubavuni imeandikwa kwamba inakuza mara 525. Maandishi ya aina hiyo yasomwe kama tangazo la dukani, kwa sababu lenzi ya milimita 60 haivuki mara 120 hivi bila picha kufifia na kupoteza ukali wake. Kwa kazi ninayoieleza hapa, kukuza mara 35 kunatosha siku nyingi, na mara 70 ni kwa asubuhi iliyotulia.

Kwa nini mchana? Usiku adui wa lenzi ndogo ni uchache wa mwanga, na hakuna ufundi unaoweza kuongeza mwanga ambao lenzi haikuukusanya. Mchana adui si mwanga tena. Jua linatoa mwanga mwingi kiasi kwamba kazi yote ya mtazamaji ni kuupunguza, na meli iliyoko bandarini inaangazwa bure tangu asubuhi hadi jioni. Kinachobaki kuwa kikwazo ni hewa: ardhi na mabati vikishapata joto, hewa huchemka, mistari hupinda na kucheza, na hali hiyo humnyima mwenye lenzi ya milimita 200 sehemu kubwa ya faida yake, hata akajikuta anaona karibu sawa na mwenye milimita 60. Ndiyo maana nasema kwamba udogo unaochekwa usiku hauna aibu yoyote saa tatu asubuhi.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo ambalo asiyelizingatia ni bora asiiguse kabisa darubini. Mboni ya jicho mchana huwa na upana wa milimita 3 au pungufu. Lenzi ya milimita 60 hukusanya mwanga takriban mara 400 zaidi ya mboni hiyo, na kuumiminia wote mahali padogo. Retina haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo mtu huungua bila kuhisi lolote na hugundua baadaye kwamba katikati ya macho yake pameingia doa lisilotoka. Kichujio cha jua ni lazima kikae mbele ya lenzi kubwa, yaani mwanga upunguzwe kabla haujaingia kwenye bomba. Darubini nyingi za zamani huja na kijioo kidogo cheusi kinachokazwa kwenye lenzi ya jicho, yaani ile ndogo ya nyuma unayochungulia, mara nyingine kimeandikwa SUN. Kijioo hicho kinakaa pale pale joto linapokusanyika, na kinaweza kupasuka ghafla wakati jicho liko nyuma yake. Ukikikuta, kivunje kwa nyundo, usimgawie mtu.

Mimi natumia filamu ya Baader AstroSolar yenye msongamano 5, ambayo hupitisha sehemu moja tu katika 100,000 ya mwanga. Ipo aina nyingine yenye msongamano 3.8 iliyotengenezwa kwa kamera peke yake. Hiyo hupitisha mwanga takriban mara 16 zaidi na haifai kwa jicho, basi anayeagiza asome lebo vizuri. Nimeifunga kwenye pete mbili za boksi gumu zinazobana mdomo wa bomba, kisha napitisha gundi ya karatasi pembeni, maana upepo wa kusi hapa ufukweni hauombi ruhusa. Filamu isivutwe ikakaza kama ngozi ya ngoma. Mikunjo midogo haiharibu picha, ila kuivuta ndiko huiharibu. Kila mara kabla ya kuitumia naiinua kwenye taa nikitafuta tundu au mkwaruzo. Ile darubini ndogo ya kulengea iliyoko ubavuni nimeing'oa kabisa, kwa kuwa nayo ina lenzi na nayo huchoma.

Bila kilengeo hicho, jua hulengwa kwa kivuli: tazama kivuli cha bomba kilichoko chini, geuza bomba polepole mpaka kivuli kirefu kifupike na kuwa duara dogo kuliko yote, na hapo jua litakuwa limeingia au liko jirani sana.

Kinachoonekana, sasa. Duara zima la jua huenea ndani ya upeo wa lenzi ya jicho ya milimita 20, jeupe kwa filamu hii, na jambo la kwanza ambalo mtazamaji makini huliona ni kwamba duara hilo halina mwanga sawa: katikati ni kali, pembezoni hufifia, kwa kuwa pembezoni tunaona tabaka za juu zaidi za uso wa jua, ambazo zina joto dogo zaidi. Kisha yapo madoa. Doa kubwa lina kiini cheusi na ukingo wa kijivu unaolizunguka, na ukikuza mara 70 hewa ikiwa imetulia, ukingo ule huonekana umechanika kwa nyuzi nyembamba zinazoelekea ndani. Weusi wake ni wa kulinganisha tu: kiini cha doa kina joto la karibu nyuzi 3,500 za Selsiasi ilhali uso unaokizunguka una karibu 5,500, na lau kingekatwa kikawekwa peke yake angani usiku kingetuumiza macho. Karibu na ukingo wa duara hujitokeza mabaka meupe yenye umbo la mizizi, ambayo katikati ya duara hayaonekani. Zile chembechembe za uso wa jua, ambazo kila moja ina upana wa takriban kilomita 1,000, ziko kwenye mpaka wa uwezo wa lenzi yangu. Nyakati chache hewa ikitulia kabisa uso wote huonekana kama maganda ya uji wa mtama, halafu hewa hucheza na zinapotea.

Raha yenyewe iko katika kurudi kesho yake. Jua linajizungusha, na kwa sisi tulioko duniani mzunguko mmoja huonekana kuchukua takriban siku 27, hivyo doa lililoingia kwenye ukingo mmoja huvuka duara na kutoka upande wa pili baada ya wiki mbili kasoro. Njiani linakua, linagawanyika, linazaa vitoto, au linayeyuka. Hakuna kitu kingine angani kinachobadilika hivyo mbele ya darubini ya bei ya mtumba.

Kuhusu saa: kwetu, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi ndio wakati mzuri, jua likiwa limepanda juu ya utusitusi wa upeo wa bahari na ardhi haijapata moto. Adhuhuri haifai hata kidogo. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na tena kama tarehe 20 Oktoba, na katika siku hizo za Oktoba, saa sita na dakika chache mchana, mlingoti uliosimama wima hauna kivuli. Ni jambo la kupendeza kulishuhudia, lakini stendi hizi ndogo haziwezi kuelekeza bomba wima bila bomba kugonga miguu.

Habari za bahari nitaziacha kwa wanaozijua zaidi yangu. Wenye uzoefu karibuni.

Msafiri wa Masasi

Mkuu, shukrani kwa maelezo. Nina maswali mawili. Mwaka 2016 wakati jua lilipopatwa, ndugu zangu waliokwenda Rujewa kule Mbarali walisimulia kwamba wapo waliotazama kwa filamu za eksirei na wengine kwa vioo vya mafundi wa kuchomelea. Je, vitu hivyo haviwezi kuwekwa mbele ya darubini, kwa kuwa filamu halisi haipatikani madukani kwetu? Pili, mtu akiikuta darubini sokoni, aikague vipi kabla ya kutoa fedha?

Kasa wa Shangani

Ndugu yangu wa Masasi, la kwanza nalijibu bila kuzunguka: hapana. Filamu ya eksirei hufifisha mwanga unaoonekana, lakini miale ya joto isiyoonekana hupenya kwa wingi, na hata kwa macho matupu haifai. Kioo cha kuchomelea namba 14 kinafaa kwa macho matupu tu. Mbele ya darubini hukosa usawa wa kioo safi na picha huvurugika. Miwani ya karatasi ya kutazamia kupatwa kwa jua nayo ni ya macho matupu. Mtu asiivae halafu akachungulia kwenye darubini isiyo na kichujio, kwa sababu mwanga uliokusanywa utaitoboa.

Filamu halisi huagizwa kutoka nje na hufika kwa posta. Karatasi moja yenye ukubwa wa A4 inatosha darubini ndogo kadhaa, kwa hiyo watu wawili watatu wanaweza kuchangiana.

La pili. Kwanza shika bomba, ondoa lenzi ya jicho, elekeza kwenye ukuta mweupe na uchungulie ndani: utaona kama kuna utando, nyuzi za kuvu, au mdudu aliyejenga. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi zinazotambaa kwenye kioo kama mizizi ni kuvu, na kuvu iliyokaa miaka hula ung'arishaji wa lenzi. Zungusha kitasa cha fokasi uone kama bomba la ndani linakwenda sawasawa au linaning'inia. Kisha omba ruhusa utoke nje, ulenge mnara wa simu ulio mbali, na utazame ukingo wa chuma chake: ukipata ncha kali iliyo na utepe mwembamba wa zambarau pembeni, lenzi ni nzima, kwa kuwa utepe huo ni kawaida ya lenzi za aina hii. Ikiwa kila kitu kinabaki na ukungu hata baada ya kuzungusha fokasi huku na huku, huenda kuna aliyefungua lenzi na kuirudisha kinyume. Pima pia upana wa shingo ya lenzi ya jicho. Za zamani nyingi ni milimita 24.5 na za kisasa ni milimita 31.7, za zamani hufanya kazi, ila kupata lenzi nyingine za kuongezea ni shida. Stendi usiijali sana. Fundi seremala yeyote atakutengenezea ya mbao iliyo imara kuliko ile ya bati, na mfuko wa mchanga ukiuning'iniza katikati utapunguza mtetemeko.

Chaki Nyeupe

Ninaandika kutoka Lindi mjini. Nakubaliana na mwanzisha uzi kwa karibu kila jambo, isipokuwa naona ameruka njia ambayo kwa shule zetu ni bora kuliko filamu, nayo ni kutupa taswira ya jua kwenye karatasi. Hapo hakuna anayechungulia, kwa hiyo darasa zima linaona doa moja kwa wakati mmoja na kulinyooshea kidole, jambo ambalo kwenye lenzi ya jicho haliwezekani.

Mpangilio wake ni huu. Darubini isiyo na kichujio inalengwa kwa kivuli, na karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye ubao inawekwa nyuma ya lenzi ya jicho. Kwa darubini ya fokasi ya milimita 700 na lenzi ya jicho ya milimita 20, karatasi ikiwa sentimita 40 nyuma, duara la jua huwa na upana wa sentimita 12 hivi. Kwa kipimo hicho Dunia yetu ingekuwa nukta ya milimita moja na ushei, kwa sababu kipenyo cha jua ni takriban mara 109 ya kipenyo cha Dunia. Ninapowaambia wanafunzi waweke ncha ya kalamu kando ya doa, wengi hunyamaza, kwa kuwa doa mara nyingi ni kubwa kuliko ncha hiyo. Kipande cha boksi chenye tundu katikati huvishwa kwenye bomba ili kivuli chake kiangukie karatasi, la sivyo mwanga wa mchana huiosha picha.

Masharti ni matatu na hayana mjadala. Mtu mzima asimame kwenye darubini muda wote, kwa kuwa mtoto mmoja mdadisi anatosha kuleta msiba. Lenzi ya jicho iwe ya kioo, ya aina rahisi isiyo na vioo vilivyogandishwa kwa gundi, kwa maana gundi huchemka na plastiki huyeyuka. Zile za mtumba za zamani, ambazo wapenzi wa usiku huzitupa, hapa ndipo zinapofaa. Na bomba ligeuzwe pembeni kila baada ya dakika chache lipoe.

Wanafunzi wangu huchora madoa kwenye duara lililochapwa tayari, huandika tarehe na saa, kisha huhesabu. Kanuni ni ya Rudolf Wolf wa Uswisi: idadi ya makundi huzidishwa kwa 10, kisha hujumlishwa idadi ya madoa yote. Makundi 3 yenye madoa 14 yanatoa 44. Anayedharau darubini ndogo akumbuke kwamba Wolf huyo, aliyejenga hesabu ambayo dunia inaiendeleza mpaka leo, alitazama kwa darubini ya lenzi ya milimita 80 iliyokuza mara 64. Na kabla yake Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau, alianza mwaka 1826 kulitazama jua kila siku yenye anga safi akitafuta sayari iliyo karibu na jua kuliko Zebaki. Sayari hakuipata, lakini mwaka 1843 aliandika kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko uliokaribia miaka kumi, ambao sasa tunajua ni kama 11.

Gati Namba Mbili

Samahani wakuu, naomba niwe mchokozi kidogo. Setilaiti ya SDO ya NASA iko angani tangu mwaka 2010 na picha zake za jua ziko kwenye simu yangu bure, tena ni kali mara nyingi kuliko chochote mtakachokiona huko ufukweni. Kwa nini mtu mzima atoe 70,000, aagize filamu, na asimame juani kuona kwa shida kile alichonacho mfukoni?

Kasa wa Shangani

Swali halali. Picha hizo nami nazifungua kila siku, tena baada ya kuchora na si kabla, ili nijue nilichoona kwa jicho langu na nilichokikosa. Setilaiti inajibu swali la jua likoje leo. Darubini inajibu la jicho langu na hewa ya Shangani vinaweza kufika wapi, na ujuzi wa kutazama hauji kwa kutazama simu. Tena yapo mambo madogo ambayo picha iliyosafishwa haina: doa lililoko ukingoni likionekana limebanwa na kuwa ufito, wingu jembamba la asubuhi likipita juu yake, na duara zima likitoka polepole kwenye upeo wa lenzi kwa sababu Dunia inazunguka. Ukingo unaotangulia kutoka ndio magharibi ya jua, na hivyo ndivyo ninavyopanga michoro yangu.

Niongeze kwamba muda haungoji. NASA na NOAA (shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa) walitangaza Oktoba 2024 kwamba jua limefika kipindi cha kilele cha mzunguko wa 25 wa madoa, ulioanza Desemba 2019. Tangu hapo njia ni ya kuteremka, na kuelekea mwaka 2030 zitakuja siku nyingi za duara tupu lisilo na doa. Anayetaka kujifunza kuchora madoa aanze yangali yapo.

Nahodha Mstaafu

Nipo Mikindani. Kwa kuwa bahari imeachiwa wanaoijua, nachangia.

Darubini ya lenzi ya aina hii nimeitumia miaka mingi kwa kutazama vyombo, na nasema wazi kwamba kwa kukaa barazani inaishinda ile ya macho mawili tuliyokuwa nayo melini, mradi stendi isitetemeke. Ile ya macho mawili inakuza mara saba, na ni sahihi kwa mtu aliyesimama kwenye chombo kinachoyumba. Nchi kavu mara 35 inakusomea jina la meli, bandari yake ya usajili, na alama za kina zilizopakwa ubavuni. Ukitazama alama hizo leo na kesho wakati meli za korosho zinapakia katika msimu, unaona chombo kinavyozama kidogo kidogo kwa uzito. Kwa hesabu, lenzi ya milimita 60 inaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana sentimita 3 kwa umbali wa kilomita 3, lakini hewa juu ya maji hukupa ukamilifu huo alfajiri na jioni tu.

Wanangu wanaoanza wasishangae jina la meli likisomeka kinyume. Darubini za angani hupindua picha, na kile kioo cha pembe kinachowekwa ili usikunje shingo huisimamisha picha wima lakini huacha kulia na kushoto vimebadilishana. Ipo prizimu inayonyoosha yote mawili, na anayetaka bahari zaidi kuliko jua aitafute hiyo kwanza.

Halafu kuna mviringo wa Dunia, ambao vijana hubishana juu yake mitandaoni bila sababu. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yakiwa mita 1.7 juu ya maji, upeo wake wa bahari uko chini ya kilomita 5. Meli yenye daraja la kuongozea lililo mita 30 juu ya maji huanza kuonekana ikiwa umbali wa kama kilomita 24, na kinachotokea kwanza ni daraja na milingoti, mwili ukiwa bado umezama nyuma ya bahari. Panda kilima cha mita 30, mwili nao unafichuka. Siku za joto kali utaona mazigazi, meli imeinuliwa ikaelea hewani, na hapo usiamini kipimo chochote.

Nyangumi wenye nundu hupita pwani hii katika miezi ya kusi, kuanzia kama Julai, wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa kwenye maji yenye joto. Upande wa Msimbati na Ghuba ya Mnazi, ndani ya hifadhi ya bahari, ni mahali pazuri pa kuwangoja. Nasisitiza kuwangoja. Usimtafute nyangumi kwa darubini, kwani upeo wake ni mwembamba mno. Tafuta kwa macho matupu mpaka uone pumzi yake ikipanda kama moshi, kisha lenga hapo na usubiri apumue tena. Kuza mara 20 tu.

Binti Newala

Mzee wangu shikamoo, na wengine nawasalimu. Huku juu Newala hatuna meli, ila pale Shimo la Mungu mtu akiweka darubini anaona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo, hasa baada ya mvua kuosha vumbi. Darubini yangu ni ya milimita 50, niliikuta mnadani. Naomba kujua: Zuhura inaonekanaje mchana bila kuhatarisha macho, na ninyi wa pwani mnazuiaje kuvu?

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. La kuvu nakujibu mimi. Usiiweke darubini kwenye mkoba wa ngozi wala sandukuni na nguo. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na uvikaushe juani kila baada ya wiki kadhaa. Chumvi ya bahari ikitua kwenye lenzi usiifute ikiwa kavu, utaichana. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, kisha pangusa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, kuanzia katikati kwenda nje, bila kukandamiza.

Kasa wa Shangani

Dada wa Newala, kwa Zuhura kanuni yangu ni moja: simama ndani ya kivuli cha ukuta, mahali ambapo jua lenyewe haliwezi kuonekana hata ukisogeza bomba kwa bahati mbaya. Zuhura inapotangulia jua alfajiri, ilenge kabla hakujapambazuka na uifuate kadiri anga inavyogeuka buluu. Ukiishika hivyo utaendelea nayo hata saa tatu asubuhi. Mchana inapendeza kuliko usiku, kwa kuwa mwako wake unapungua na umbo lake, la hilali au la nusu duara, linakaa safi bila kumeremeta. Siku ambazo mwezi uko jirani nayo, mwezi utakuwa kiongozi wako. Mwezi wenyewe nao usiusahau: ukiwa robo ya mwisho unakaa angani asubuhi nzima, na mashimo yake yanaonekana vizuri kwa milimita 50.

Kwa Mwalimu wa Lindi, nina pendekezo la tarehe. Mwaka 2019, tarehe 11 Novemba, Zebaki ilipita mbele ya jua, lakini kwetu ilianza alasiri na jua likatuchwea kabla haijamaliza. Safari ijayo ni tarehe 13 Novemba 2032, na hiyo itakuwa yetu kuanzia mwanzo hadi mwisho: karibu saa tatu na dakika 40 asubuhi mpaka baada ya saa nane mchana. Zebaki itakuwa na upana wa takriban sehemu moja katika 190 ya jua, ambayo kwenye duara lako la sentimita 12 ni nukta ya nusu milimita na kidogo, nyeusi kuliko doa lolote na mviringo kamili. Duara la sentimita 12 litakuwa dogo kwa darasa. Ningeshauri lenzi ya jicho ya milimita 12 na karatasi isogezwe nyuma.

Chaki Nyeupe

Nimeandika tarehe hiyo. Tatizo ni kwamba Novemba adhuhuri jua letu liko karibu wima, na stendi ya shule haifiki huko, kwa hiyo itabidi darubini ilazwe na jua liletwe kwa kioo bapa kinachozungushwa kwa mkono. Nimeanza kuulizia kioo cha aina hiyo kwa mafundi wa vioo hapa Lindi, ila walichonacho kimepakwa rangi ya fedha upande wa nyuma, ambacho hutoa picha mbili. Mwenye kujua kinapopatikana kilichopakwa upande wa mbele anijulishe hapa.

Gati Namba Mbili

Mwalimu, fungua mashine mbovu ya kutoa nakala. Ndani yake kuna vioo virefu vyembamba vilivyopakwa upande wa mbele, na mafundi wa mashine hizo huvitupa. Mimi ninavyo viwili gereji. Nitavituma na basi la Lindi, na nikija huko nitaomba nichungulie hilo duara.